Nakala Iliyoingia Failini

Jumamosi, 12 Oktoba 1968
Ofisi imefungwa tangu adhuhuri. Sheikh Khalfan, tajiri wangu, amekwenda kulala. Nimechapa kurasa sita, zimebaki nne hadithi yangu iishe. Wachapishaji wa Nairobi wanataka taipu, upande mmoja wa karatasi, nafasi pana kati ya mistari, na mwandishi abaki na nakala. Karatasi ni zangu. Mashine, utepe na kaboni ya kutolea nakala ni vya Sheikh. Kila mlango ukilia huko sokoni, naacha kuchapa nisikilize.

Jumatatu, 14 Oktoba
Imekwisha. Kurasa arubaini na moja. Nimechapa na barua ya kuisindikiza. Nimeanza kwa salamu ndefu, nikaomba radhi kwa kuwasumbua, nikaiita "kijihadithi kisicho na thamani". Ndiyo adabu niliyofunzwa.

Baada ya magharibi. Nakala ya barua haimo mkobani. Nimepekua mara tatu. Najua iko wapi. Mkono umezoea: kila barua ya ofisi inayotoka, nakala yake failini. Nimeitoboa na kuitia mwenyewe, baina ya barua ya Bombay na ya Bahrain. Kwa tarehe yake. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 15 Oktoba
Faili imo kabatini mwa Sheikh na ufunguo anao yeye. Huisoma kila Jumatano baada ya alasiri, barua moja moja. Yeye ndiye aliyetudhamini mimi na Mama tupate kibali cha kukaa huku ugenini, tulipotoka Unguja. Akituondolea mkono, sijui tutakwenda wapi.

Mama ameniona. "Mwanangu, nna macho mie. Chai yapoa, wewe waitazama tu. Una nini?"

Nimesema tumbo. Kanichemshia tangawizi. Nimeinywa kwa aibu.

Jumatano, 16 Oktoba
Ameisoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipofika kwenye barua yangu akachukua penseli. Akakata mstari, kisha mwingine.

"Njoo hapa, karani. Umepata kuniona nikiwaandikia watu wa Bombay kuwa ndimu zangu kavu hazina thamani, wanisamehe kwa kuwaletea?"

"La, Sheikh."

"Basi hawa wa Nairobi wataitakia nini hadithi yako? Wewe wauza ama waomba radhi?"

Alikuwa ameikata karibu barua nzima. Nikakaribia kucheka. Ndipo akauliza mashine ni ya nani. Akasema nikiigusa tena kwa mambo yangu, nitafute mdhamini mwingine. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipigia kelele.

Alhamisi, 17 Oktoba
Usingizi kidogo. Nimechapa barua tatu za ndimu. Neno "magunia" nimelikosea mara mbili. Sheikh kanijibu salamu bila kuniangalia. Sijafukuzwa. Sijasamehewa pia.

Jumamosi, 19 Oktoba
Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nimeandika barua upya nyumbani, kwa kalamu. Jina la hadithi na idadi ya kurasa. Inahusu nini. Jina langu na anwani. Nangoja jibu lenu. Mistari minne, radhi hakuna. Nimeisoma nikajihisi kama mtu aliyekwenda barazani bila kofia.

Asubuhi hii nimeipeleka posta hivyo hivyo, pamoja na hadithi.