Bwana Mifugo, Feni Bado Iko Dirishani

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu saratani ya tezi dume ituachanishe. Waliosema tutazoea, hatujazoea.

Watu walikuita Bwana Mifugo. Zizi gani hukuingia? Ulitibu ng'ombe wa wajane bure, ukahasi madume ya kata nzima huku ukiyabembeleza: "Tulia mzee, ni dakika tu." Basi daktari alipokuambia njia ni mbili, kutolewa korodani mara moja au kuchomwa sindano kila miezi mitatu, ulicheka hadi nesi akachungulia mlangoni. "Daktari, leo maksai ni mimi?"

"Mkuki kwa nguruwe!" nikakuchokoza.

Daktari akaeleza kuwa zote kazi yake ni moja, kuinyima saratani homoni za kiume zinazoilisha, na hakuna inayoponya. Shemeji, kaka yako, akang'aka: "Mwanamume hakatwi!" Mimi nilitaka kisu, maana dawa huadimika. Ukachagua sindano. "Sindano naweza kuiacha," ulisema. "Nilichokata mimi sijawahi kukiona kikirudi."

Kisha jasho likaanza. Lo! Wewe uliyeniita jiko la mkaa nilipokoma hedhi, sasa tunagombania feni moja! "Kumbe ndiyo haya, mama watoto? Nisamehe." Nilikucheka, nawe ukajicheka. Jamani, nilikupenda.

Dawa zikakosekana, mifupa ikaanza kukuuma, na safari hii kisu ukakiomba mwenyewe. "Nilichokuwa nakilinda hakinilindi." Ulirudi nyumbani siku ileile, ukitembea polepole. Tukapata nafuu ya msimu mmoja, tukaanza kupanga mambo kama watu wenye kesho. Halafu ugonjwa ukakizoea kisu nacho. La kuvunda halina ubani.

Watu huniuliza, je, ingekuwaje kama ungeanza na kisu? Nilimuuliza daktari. Akasema pengine mwisho ungekuwa uleule. Alidhani ananifariji. Sasa sina hata wa kumlaumu.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao watatu, mkweo, wajukuu, na kaka yako, ambaye siku hizi hasemi tena wanaume wanafanywa nini na hawafanywi nini. Kukusahau hatuwezi, hata siku tunazotamani tuweze.

Joto likinipanda, naielekeza feni kwenye kiti chako kwanza, kwa mazoea. Halafu nainuka, naigeuza kwangu. Hakuna anayenigombeza.