Uso Ulioniachia kwenye Karatasi

Baba Zuhura,

Amani ikufikie huko ulikotangulia. Eda nimemaliza, alhamdulillahi. Mwanao ananitaka nihamie kwake Kiembeni, nikamwambia angoje kwanza nisafishe chumba ulichokuwa ukichorea. Laiti nisingekisafisha.

Picha zako za rangi ya maji nilidhani nazijua zote: mikoko ya Mtongwe maji yakiwa yametoka, minazi ya nyuma ya msikiti, njia ya mchanga ya kwendea kisimani. Mtu hata mmoja hamna. Wanunuzi wakikutania, "Fundi, mbona kutupu hivi? Watu wamekwenda wapi?" Nawe bila kuinua kichwa, "Wamekwenda kuswali." Wao wakicheka. Mimi nikijua si mzaha. Ulishaniambia tulipooana kwamba mwenye kuchora chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama akitie roho, na hataweza.

Sasa, mume wangu, chini ya ubao wako wa kuchorea nimekuta picha ya ua wetu. Kamba ya nguo, ndoo, mpapai. Na mimi. Naanika kanga yangu ya buluu, nimegeuka nakutazama. Hata kidoti cha shavuni umekitia. Lini uliniangalia hivyo? Miaka yote hukunisifu kwa neno, ila "Chai imekoza leo."

Nilifurahi, wallahi, nikakaa chini nikalia. Kisha hofu ikanishika. Nikakuona kaburini unaulizwa habari ya sura yangu. Tangu siku hiyo adhana ikilia nashtuka, kama kwamba nimekosa mimi.

Nikamwita dada yako, Bi Amina. "Chana, wifi! Chana sasa hivi! Umtie ndugu yangu motoni kwa uso huo?" Akaitazama tena, akajifuta macho kwa mtandio. "Lo! Na kakupatia kweli, mjinga yule." Akaondoka, hata chai hakunywa.

Kuchana sikuweza. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema ukikosea: "Rangi ya maji ina toba. Irowanishe tu, itaondoka." Na maalim wetu wa darsa la kina mama alitufunza kwamba picha isiyo na kichwa ni kama mti, haina makosa.

Basi jana baada ya alasiri nikachovya pamba kwenye kikombe chako, nikasema bismillahi. Niliogopa usije ukaadhibiwa kwa ajili yangu. Nikaogopa pia... picha ile ndiyo kitu pekee kinachonionyesha kwamba uliniona. Jicho likaondoka, shavu likaondoka. Kidoti kikang'ang'ania mpaka mwisho. Maji ya kikombe yakageuka rangi ya ngozi yangu, nami nikayamwaga pale kwenye mpapai.

Mikono nimeiacha, na kanga. Sijui kama inatosha. Bado naogopa, Baba Zuhura, na hofu hii sina wa kumwambia ila wewe na Mola wako. Maadamu napumua, sitaondoka kwenye mswala kabla sijakuombea. Hilo nakuahidi.

Picha nakwenda nayo Kiembeni. Mtu akiniuliza uso wa mwanamke huyu umekwenda wapi, nitamjibu kama wewe: umekwenda kuswali. Na nitakuwa sijasema uongo.

Pumzika, mpenzi wangu. Neno hilo nami sikuwahi kukwambia.

Mama Zuhura