Mama Mmoja wa Mount Druitt

Campbelltown, 3 Machi 2025

Mpendwa Mama mdogo Elvire,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima, na natumaini maumivu ya Baba mdogo Lazare yamepungua tangu uanze kumpa matone ya mafuta ya bangi.

Nimepokea karatasi yenye majina ya akina mama arobaini na mmoja wa kanisa lenu wanaoomba bangi ihalalishwe. Nakiri kwamba hakuna profesa anayeweza kuitetea hoja hii vizuri kuliko ninyi mnaouguza wagonjwa. Lakini mnaomba kwa upole mno. Nimesoma historia ya sheria nyingi, na sijaona iliyobadilishwa na upole. Jumamosi nitahutubia mkutano wa hadhara mjini, nami nahitaji mfano hai. Usihofu, sitamtaja mtu kwa jina.

Mwanao,
Kalume

Mount Druitt, 11 Machi

Mwanangu Kalume,

Salamu. Huku si kuzuri.

Kweli, jina hukutaja. Ulisema, "Mama mmoja wa Mount Druitt, kiongozi wa kwaya, analima bangi nyuma ya nyumba kwa ajili ya mumewe mwenye saratani ya mifupa." Kiongozi wa kwaya hapa ni nani mwingine? Video ilifika kwenye simu za kanisa lote.

Juzi Jumapili Jerusha aliomba jina lake lifutwe kwenye ile karatasi. Wenzake wakamfuata, wamebaki watatu. Hawajaikataa bangi, wanakuogopa wewe. Jerusha aliniambia, "Leo ni mume wako. Kesho atapanda jukwaani na ugonjwa wangu."

Baba yako mdogo ni mzee wa kanisa. Ameyakataa matone, anasema hatakufa akiitwa mvuta bangi. Maumivu yakimjia, anauma shuka. Mimea nimeing'oa.

Mama yako mdogo,
Elvire

Campbelltown, 14 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Poleni sana, wewe na Baba mdogo.

Ningependa kusema kwamba sikutarajia haya. Ukweli ni kwamba sentensi ile niliiandika mara tatu. Mwanzoni ilikuwa "mama mmoja" tu, nikaiona haina nguvu. Nikaongeza Mount Druitt, kisha kwaya. Watu walishangilia.

Nimekosa. Hata hivyo, kosa la msemaji haliibatilishi hoja. Nimeambatisha kurasa mbili za tafiti, tafadhali umsomee. Akielewa, atayarudia matone.

Mwanao,
Kalume

Mount Druitt, 2 Aprili

Kalume,

Natumaini u mzima. Lazare ametutoka jana asubuhi. Tunazika Jumamosi.

Desturi yetu unaijua, mtoto aliyesoma ndiye husoma wasifu wa marehemu. Safari hii atasoma Kwizera, yule anayefanya kazi ghalani. Wazee hawataki ushike maikrofoni, na mimi sikuwabishia. Njoo mapema upange viti.

Elvire

Campbelltown, 27 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Nakusalimu, na naomba Mungu akutie nguvu. Barua yangu ya tarehe sita hujaijibu, wala sistahili kulalamika.

Kwizera alisoma vizuri. Alikosea mwaka mliotoka kambi ya wakimbizi, nami nikiwa nyuma nimeshika viti viwili nilitaka kumsahihisha. Hata siku hiyo, Mama mdogo. Nikaviweka viti chini.

Wenzangu wa kampeni wananitaka nihutubie tena mwezi ujao. Nimekataa, na hoja ya kujitetea sina. Naomba neno moja tu kutoka kwako, hata kama ni hapana. Zile kurasa nilizotuma, ulimsomea? Aliyarudia matone kabla ya mwisho?

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Kalume