Mkono wa Njano Kwenye Saitimira

Bibi Verla mpendwa, nakuandikia nikiwa nimeegesha hapa Valentine, Nebraska, nisaidie kabla theluji haijatukuta, kwa sababu kila vuli mimi na mke wangu Maurine tulikuwa tukivuta tela letu, nyumba yetu ya magurudumu, hadi Arizona, yeye akisimama nyuma kunielekeza kwa mikono yenye glavu za njano, mimi nikimfuata kwenye saitimira, naye alifariki Februari, na kwa ujinga wangu nikauza gari letu refu nikanunua pikapu yenye bodi fupi, nikafunga kwenye bodi kiungio kilekile cha zamani cha kushikia tela, kisichosogea, kwa hiyo nikikata kona kali pua ya tela inakuja mpaka kioo cha nyuma cha kebini, na siku ya kwanza nilipokaribia kukivunja niliona kwenye saitimira mkono wa njano umeinuliwa, simama, nikasimama, nikashuka, pengo lilikuwa upana wa kidole na hapakuwa na mtu.

Nikadhani ni machozi yangu, lakini dada yangu Wilda, anayekaa kiti cha nyuma ili anyooshe goti lake, akauliza, "Orval, mbona Maurine kavaa glavu na jua lote hili?"

Glavu hizo tulimzika nazo.

Mkwe wangu kila siku ananisema, "Mzee, nunua kiungio kinachoteleza chenyewe, ukikata kona tela linasogea nyuma. Utamuua shangazi!" Lakini nakiri, Bibi, sitaki, maana nisipokikaribia kile kioo Maurine atakuja kufanya nini? Nimeanza kukata kona kali makusudi. Jana mkono haukusema simama, uliniita, njoo, njoo, taratibu kama zamani, nikarudi nyuma mpaka kioo kikalia na kupata ufa juu ya kichwa cha Wilda. Nibadilishe kiungio, au nimfuate?

Orval Stutzke

*

Orval, barua yako nimesomewa mara mbili, na kabla ya mara ya pili nikaamuru mlango ufungwe. Pole, mwanangu. Nimezika waume wawili, najua kitanda kinavyokuwa kipana. Lakini una wazimu! Unamfanya dada yako chambo cha kumvutia marehemu?

Shule sikuiona hata kupitia dirishani, ila hesabu hii naijua. Pua ya tela lako ina upana wa inchi tisini na sita, nusu yake arobaini na nane. Pima kutoka katikati ya kiungio hadi kebini, pasipungue hapo. Kwa bodi fupi hupati hata arobaini. Hizo nane zinazopungua unazichukua kwenye fuvu la Wilda.

Kipo kiungio cha kuteleza kwa mkono, unashuka na kuvuta wenzo kabla ya kona. Ni kizuri, kwa mwenye akili zake. Wewe hutashuka, utabaki unakodolea saitimira. Nunua kinachoteleza chenyewe, kinachobeba uzito wa tela likiwa limejaa maji na masufuria, si uzito ulioandikwa na muuzaji. Ukishafunga, bana breki za tela, vuta gari mbele kidogo uone kama kimeshika. Kioo kibadilishwe. Wilda ahamie mbele leo, goti lake litavumilia.

Sasa la mkono. Maurine maisha yake yote alikuwa anakuzuia usigonge. Aliyekwambia simama, huenda ni yeye, mshukuru. Anayekuita njoo huku kioo kinapasuka, mimi simjui, na wewe humjui, hata akivaa glavu. Glavu huvaliwa na yeyote.

Kwa hiyo usirudi nyuma tena bila mtu aliye hai kukuelekeza. Anayekuelekeza mwite kwa jina, na asipoitika kwa mdomo, zima injini.

Mkifika Arizona nipigie simu. Nataka kukusikia wewe, nimsikie na Wilda akilalamika. Nikisikia sauti ya tatu, nakata.