Kijiko cha Machicha

Mwalimu Lado,

Ni mimi, Keji, wa maabara. Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara naishia kukupa habari za mvua. Basi mvua imenyesha, darubini yako imepata lenzi mpya, na mkeo amehamia kwa dada yake, huko Yei. Kiti chako nakikalia mimi sasa. Nakikalia vibaya.

Unaukumbuka mzizi wako? Ule ambao wazee wa kwenu waliwapa watu wa kuhara damu. Ulinieleza siku nzima, ukichora kwa chaki mlangoni: bakteria hujitengenezea folati yao wenyewe kwa kimeng'enya, sisi tunaila tu kwenye mboga, dawa ya salfa hukizuia kimeng'enya kile, nao wanakwama. Uliamini mzizi unafanya kazi hiyo hiyo. Uliamini tangu tukiwa bado wakimbizi Gulu.

Ili kuujaribu, ulitaka jeli ya kuoteshea bakteria iwe ya kimaskini: chumvi, sukari kidogo, basi. Mimi sikuipenda. Bakteria waliota kwa shida, sahani zilionekana kama zimepanguswa, nami nilitaka uone kazi yangu. Mama alikuwa anapika merisa, pombe yetu ya mtama, nyumbani Malakia. Nikachukua kijiko kimoja cha machicha yake, nikachemsha, nikachuja, nikatia kwenye jeli. Sikukuambia.

Kesho yake sahani zilikuwa zimejaa. Ulizishika dirishani, ukacheka. "Keji, leo wadudu yako imeshiba kweli." Nilifurahi, Mwalimu. Naona aibu hata kuandika. Kisha ukatazama katikati, penye karatasi uliyoloweka maji ya mzizi, na hapakuwa na duara tupu la kuonyesha kwamba umewazuia. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Salfa ya kulinganisha hatukuweka, maana mwezi ule iliyobaki yote ilikuwa wodini. Ukarudia mara mbili, kwa jeli yangu ile ile, halafu ukaandika daftarini: Mzizi hauna kitu. Mimi nilikuwa nimenuna, ukanigeukia. "Malesh, Keji." Wewe ndiye uliyenipa pole.

Haikupita hata miezi mitatu, malaria ikakupanda kichwani.

Wiki iliyopita salfa ililetwa na stima. Niliijaribu kwenye jeli ya machicha, nayo ikashindwa kabisa, huku wodini wagonjwa wanapona kwa salfa hiyo hiyo. Nikaketi sakafuni. Machicha yamejaa chachu, na chachu imejaa vile vitu ambavyo salfa huwanyima bakteria. Niliwapikia mimi mwenyewe. Kwa nini wajipikie tena?

Pakiti ya mzizi wako ilikuwa bado kwenye droo. Nikatengeneza jeli yako, ya kimaskini, kama ulivyonifundisha. Mzizi ukatoa duara, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwenye jeli ya machicha, hakuna. Salfa ikafanya vivyo hivyo. Streptomaisini ya wagonjwa wa kifua, ambayo haigusi folati, ikatoa duara kwenye jeli zote mbili. Ungeniambia hilo halijathibitisha yote, na kweli. Lakini, Mwalimu, mzizi unaelekea kupiga pale pale ulipochora kwa chaki. Nawe ulikufa ukidhani umejidanganya miaka yote ile, nami nilikuwa nimesimama kando yako.

Nitakwambia ukweli mwingine. Nilitaka kuuchana ule ukurasa wa daftari lako. Hakuna anayejua habari za machicha ila mimi, hata mama hakuniona, na mkuu wa maabara ambaye alimharibia mwalimu wake kazi, nani atayaamini majibu yake? Niliushika ukurasa ule kwa muda mrefu. Mwandiko wako ukanishinda.

Kesho asubuhi, wenzangu wakiwepo, nitaandika chini ya mstari wako kwa wino: jeli ilitiwa machicha, aliyeyatia ni Keji. Kisha nitaufuata mzizi mpaka nijue kilichomo, na jina la kwanza kwenye ripoti nitakayoandika litakuwa lako.

Pumzika, Mwalimu. Mlango wametaka kuupaka rangi, nimekataa.

Malesh.

Keji