Karimi wa Sauti ya Kwanza

Mama,

Kitabu changu juu ya Mwalimu Nyaga kimetoka. Jina lako limo, na si kwenye shukrani za mwanzo ambako kila mwandishi humweka mama yake. Limo katikati kabisa, kwenye sura ya wimbo wenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka? "Naona Mwalimu Nyaga amekuoa akiwa kaburini." Ulisema kweli. Tangu utotoni nilitaka kujua ilikuwaje mwalimu wa kutoka Embu, aliyeletwa kufundisha hapa kwetu Kianjai, mtu mwenye sauti ya kukwaruza, akatunga nyimbo ambazo mpaka leo huwezi kufanya harusi bila kuziimba. Yeye mwenyewe hakuweza kuimba! Alipiga mluzi, kwaya ikafuata. Kwa ajili yake niliwasumbua wazee wa kwaya, nikasikiliza kanda mbovu huku githeri ikiungua jikoni, nawe ukaja ukaiepua bila kunigombeza.

Na ulikuwa na hadithi yako. Kwamba katika ule wimbo wa kumuaga bibi harusi, pale penye "Binti nenda, mlango haufungwi," sauti hapo kwanza ilikuwa inashuka, na ni wewe, msichana wa kwaya, uliyemwambia Mwalimu aipandishe. Shangazi Nkatha alicheka mpaka akashika mbavu. "Karimi amfundishe Mwalimu kutunga? Ebu tuchambue maharagwe." Ulichambua tu. Nami nikakuambia siwezi kuiandika bila shahidi, maana wewe ni mama yangu, watu watasema nakupamba. Ukaniambia, "Basi mtafute."

Mama, nilimpata. Lakini tulikuwa tumekuzika majuzi tu.

Mjane wa Mwalimu bado yuko, kule Runyenjes, kwa kitinda mimba wake. Wajukuu wanamwita Cucu, nami nikamwita hivyo hivyo. Kimeru changu na Kiembu chake vilipogongana tukahamia Kiswahili. Akaniuliza, mimi ni wa nani? Nikasema, wa Karimi, wa Kianjai. Akaweka kikombe chini.

"Karimi wa sauti ya kwanza? Ule alikuwa anabishana na bwana yangu?"

Sikuwa nimemdokezea neno, Mama. Hata moja.

"Mimi nilikuwa hapo," akasema, "nimeletea kwaya chai. Huyo msichana akasimama, akasema, Mwalimu, mlango ukiwa wazi mtu haimbi kama ameinama. Wenzake wakaogopa. Bwana yangu akanyamaza. Halafu akapiga mluzi tena, sasa akipandisha. Tukirudi nyumbani akaniambia, 'Mama, leo nimefundishwa.'"

Nililia pale pale kwa watu, na kikombe chao mkononi. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na… hata sijui. Nilitaka kukupigia simu.

Jumapili iliyopita tulikizindua kitabu kanisani kwetu, baada ya ibada. Cucu alikuja, mjukuu wake akimshika mkono. Kwaya ilipojipanga, kiongozi wao akatangaza: "Wimbo huu ulitungwa na Mwalimu Nyaga, na sehemu yake ya juu tumepewa na Karimi wa hapa Kianjai." Wakaimba. Walipofika "mlango haufungwi" wanawake wa nyuma wakasimama wote, wengine hata hukuwajua. Baba hakusimama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anatabasamu kama bwana harusi.

Kisha Shangazi akaomba kusema. "Mimi ndiye nilikuwa nacheka," akasema. "Karimi alikuwa anasema ukweli." Macho yake hayasomi tena, lakini aliomba nakala, akaondoka nayo chini ya kanga.

Kwa miaka mingi nilidhani namtafuta mtu mkubwa aliyekufa. Nilimpata, na ni mkubwa kweli, tena ukubwa wake nimeuona zaidi pale aliponyamaza akamsikiliza msichana. Na msichana huyo ndiye aliyenifunga nepi. Nilikuwa nakula naye kila siku.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitakupamba; nitasema ulichofanya, basi, kinatosha. Huku sokoni watu wameanza kuulizana Karimi alikuwa nani, na mimi nipo wa kuwajibu.

Binti yako,
Kathure