Sentimita Tatu

Anderlecht, Jumanne usiku, Novemba

Na kosa lenyewe lilikuwa dogo tu. Swali la fizikia: chaji mbili za umeme zimeachana sentimita tatu, inatakiwa nguvu inayozivuta. Binti yangu Neema akaandika tatu hivyohivyo, hakuibadili kwanza iwe mita. Jibu likatoka dogo mno, halina hata maana.

Badala ya kumwonyesha taratibu, nikapaza ile sauti niliyokuwa nafundishia Dodoma. Nikamwambia hata wanafunzi wangu wa Form Two wasingekosea hapo. Nikamtaka aanze upya: aandike kilichotolewa, kinachotafutwa, kanuni, ndipo akokotoe.

"Mama, huku hatufanyi hivyo."

Nikasema fizikia ni ileile, huku na nyumbani. Akaweka kalamu chini. "Mimi siyo darasa lako. Huna darasa tena."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana inaniuma. Alisema kama mtu anayenijulisha kwamba nje mvua inanyesha.

Baba yake aliporudi kutoka Woluwe, kwenye chuo anachosoma, nikamwambia mtoto hakula kwa sababu ana mafua. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Niliacha kazi ya ualimu nikamfuata mume wangu huku ugenini kwa ajili ya masomo yake, hilo analijua.

Kesho Neema ana mtihani. Akifeli na huu atarudia mwaka, halafu mimi...

Kitabu alikiacha mezani. Nimefanya maswali yote yaliyobaki, hatua kwa hatua, kila sentimita nimeibadili kuwa mita. Kisha nikatafuta kalamu nyekundu, nikajisahihishia.

Nimepata yote.